Taa zilizorudi baada ya betri kubadilishwa: uchambuzi wa kisa kimoja

Gari linalohusika katika kisa hiki ni dogo, la petroli, lenye injini ya lita 1.5 na usukani unaosaidiwa na mota ya umeme, na kwa maelezo ya mwenyewe halikuwa limewahi kuonyesha taa yoyote ya tahadhari hadi siku betri yake ya zamani ilipochoka na kuwekwa nyingine. Lilipofikishwa kwangu zilikuwa zimepita siku 9. Katika siku hizo taa zilikuwa zimewaka, zikazimika na kurudi mara tatu, kihisi kimoja cha gurudumu, yaani kifaa kinachopima kasi ya gurudumu, kilikuwa kimekwisha kubadilishwa, na mwenye gari alikuwa ameshauriwa anunue mota nzima ya usukani. Naandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu maelezo aliyopewa siku ya kwanza, kwamba taa hizo ni za kawaida baada ya kubadilisha betri, yalikuwa ya kweli kabisa, na ni ukweli huo huo uliofunika tatizo la pili ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo.

Kabla ya kufungua boneti nilimwomba mwenye gari, mama mmoja, anisimulie kila kitu kwa mpangilio wa siku, nami nikaandika. Siku ya kwanza, mara tu betri mpya ilipofungwa na injini kuwashwa, taa tatu zilibaki kwenye dashibodi: ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama wakati wa kufunga breki), ya udhibiti wa kuteleza, na ya usukani. Aliyemfungia betri alimwambia azungushe usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia, halafu aendeshe taratibu kwa mwendo ulionyooka. Alifanya hivyo, na baada ya mita mia chache taa zote zikawa zimezimika. Siku ya tatu, akiwa anarudi nyuma kuegesha mahali pembamba, usukani ulikuwa mzito ghafla kwa sekunde chache na taa zile tatu zikarudi, safari hii zikiongozana na taa ya injini. Gereji ya kwanza ilifuta misimbo ya hitilafu kwa mashine bila kuiandika popote, ikamwambia kwamba gari bado linaizoea betri. Siku ya sita, baada ya kupita barabara mbovu, zikarudi tena. Gereji ya pili ilibadilisha kihisi cha gurudumu la mbele la kushoto, taa zikakaa siku mbili bila kuwaka, kisha zikarudi asubuhi wakati wa kupiga stata. Hapo ndipo ushauri wa kununua mota ya usukani ulipotolewa.

Kuegesha, barabara mbovu na kupiga stata ni matukio ambayo kwa dereva hayana uhusiano wowote. Kwa fundi wa umeme yana uhusiano mkubwa, kwani mawili kati yake ni nyakati ambazo mkondo mwingi wa umeme huvutwa kwa ghafla, na lile moja ni wakati ambapo kila kiungo kilicholegea hutikiswa. Hilo peke yake halithibitishi kitu, lakini lilitosha kuniambia nianzie wapi.

Ni vema kueleza kwanza kile ambacho kweli ni cha kawaida, maana neno hilo hutumika bila mipaka. Kompyuta za gari huhifadhi baadhi ya mambo katika kumbukumbu inayotegemea umeme wa betri usiokatika. Umeme ukikatika, hata kwa dakika chache za kubadilisha betri, katika magari mengi hupotea nukta ya sifuri ya kihisi cha pembe ya usukani, yaani kompyuta haijui tena usukani ukiwa wapi ndipo magurudumu yamenyooka. Mfumo wa kudhibiti kuteleza hufanya kazi kwa kulinganisha upande ambao dereva ameelekeza usukani na upande ambao gari linakwenda kweli; bila sifuri hiyo ulinganisho hauwezekani, kwa hiyo mfumo hujitoa kazini na kuwasha taa ili dereva ajue. Katika magari mengi kuzungusha usukani mwisho hadi mwisho na kuendesha moja kwa moja hurudisha sifuri hiyo. Vivyo hivyo kompyuta ya injini husahau marekebisho madogo ya mlango wa hewa, ndiyo maana injini inaweza kutetemeka au kuzunguka kwa kasi isiyotulia gari likiwa limesimama, mpaka ijifunze upya. Madirisha ya umeme huacha kupanda yenyewe kwa mguso mmoja mpaka swichi ishikiliwe kwa sekunde kadhaa baada ya kioo kufika juu, na saa hurudi mwanzo.

Mambo haya yote huja mara moja, hurekebishwa mara moja, na hayarudi mpaka umeme wa betri ukatike tena. Ikiwa basi taa zile zile zimerudi siku ya tatu, ya sita na ya tisa, swali la kwanza linapaswa kuwa kama umeme unakatika tena mahali fulani, na hakuna aliyeliuliza. Nilimuuliza mwenye gari kama saa ya dashibodi imekuwa sahihi siku zote hizo. Alifikiri kidogo, kisha akasema amelazimika kuirekebisha mara mbili, na kwamba alidhani ni yeye aliyeshindwa kuiweka vizuri. Nilipojaribu dirisha la dereva, halikupanda kwa mguso mmoja, ingawa alikumbuka kwamba lilikuwa limerudi kufanya hivyo siku ya pili. Saa na dirisha havina kihisi cha gurudumu wala mota ya usukani. Vina betri tu.

Ndipo nilipounganisha mashine ya kusoma hitilafu, nikasoma kompyuta zote za gari na siyo ya injini peke yake, na nikahifadhi kila msimbo pamoja na tarakimu zake kabla ya kugusa kitufe cha kufuta. Kompyuta ya injini ilikuwa na P0562, ambao maana yake ni kwamba volti ya mfumo ilishuka chini ya kiwango kinachokubalika. Kompyuta nyingine zilikuwa na misimbo inayoanza na herufi U, ambayo huhusu mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta: U0126, kupotea kwa mawasiliano na kihisi cha pembe ya usukani, na U0121, kupotea kwa mawasiliano na kompyuta ya ABS. Kompyuta ya usukani nayo ilikuwa imeandika malalamiko yake kuhusu volti ndogo. Hapakuwa na msimbo hata mmoja uliotaja gurudumu lolote. Kihisi cha gurudumu kikifa, kompyuta ya ABS kwa kawaida husema ni cha gurudumu gani, na msimbo wake huanza na herufi C.

Pamoja na msimbo, kompyuta ya injini huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati hitilafu ilipotokea. Picha hiyo ilionyesha gari likiwa katika mwendo wa kilomita 4 kwa saa, injini ikizunguka polepole, na volti 9.6. Gari ambalo injini yake inaunguruma linapaswa kuwa na volti kati ya 13.5 na 14.5 hivi, na hata injini ikiwa imezimwa betri iliyojaa hutoa takriban 12.6 au zaidi. Volti 9.6 injini ikiwa inafanya kazi ni hali ya njaa. Kompyuta nne haziwezi kuugua siku moja kwa magonjwa manne tofauti. Hizi zote zinakula chungu kimoja, na chungu ndicho kilichokuwa kinapungua.

Nilipima mtandao wa mawasiliano kwa haraka, kwa kuwa misimbo ya U ilinitaka nifanye hivyo kabla ya kuendelea. Betri ikiwa imefunguliwa, ukinzani, yaani kiasi ambacho njia inazuia umeme kupita, kati ya tundu la 6 na la 14 la soketi ya kupimia ulikuwa ohmu 60, kama inavyotakiwa pale vizuizi viwili vya ohmu 120 kila kimoja vinapokuwa salama kwenye ncha mbili za mtandao. Nyaya hizo hazikuwa na tatizo, na sikurudi tena kwake.

Sasa nilikuwa na uwezekano wa aina tatu: betri mpya kuwa mbovu, altaneta (kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri) kushindwa kuchaji, au umeme kupotea njiani kati ya betri na gari. Altaneta iliondoka kwenye orodha mapema, kwa kuwa injini ilipowashwa ilitoa volti 14.2 zilizotulia nikiwasha na kuzima taa kubwa na feni. Betri, baada ya kulala usiku mzima gari likiwa limefungwa na kompyuta zake zote zikiwa zimelala, ilikuwa na volti 12.68, ambayo ni betri iliyojaa vizuri. Ila betri haipimwi ikiwa imelala tu. Hupimwa ikiwa inafanya kazi, na kazi ngumu kuliko zote anazoipa dereva ni kupiga stata.

Hapa ndipo kisa chote kilipogeuka, na geuzi lenyewe ni la upana wa milimita chache. Juu ya kila betri ya kawaida kuna ncha mbili za madini ya risasi, na kila ncha imevishwa kibano cha waya. Ukigusisha ncha za mita ya kupimia umeme kwenye vibano, kama wengi tunavyofanya kwa mazoea kwa sababu vibano ni vipana na vinashikika, unapima umeme uliokwisha kuvuka kutoka kwenye ncha kwenda kwenye kibano. Ukigusisha mita katikati ya risasi yenyewe, unapima betri. Nilipopiga stata nikiwa nimegusisha risasi, mita ilisoma volti 10.7, na kwa betri ya namna hiyo hicho ni kiwango kizuri. Nilipohamisha ncha moja ya mita kwenye kibano cha chanya na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha nikapiga stata tena, mita ilisoma volti 9.0. Volti 1.7 zilikuwa zimepotelea njiani. Kama ningepima kwenye vibano peke yake ningeihukumu betri kuwa mbovu, na mama huyu angenunua betri ya pili ndani ya siku kumi.

Kuzitafuta volti hizo zilizopotea ni kazi ya dakika tano kwa mtu mwenye msaidizi wa kupiga stata. Mita huwekwa ncha moja kabla ya kiungo na nyingine baada yake, na stata ikipigwa mita huonyesha ni kiasi gani kinapotelea katika kiungo hicho. Kati ya ncha chanya na kibano chake zilipotea volti 0.1. Kati ya kibano cha hasi na bodi ya injini, 0.1 nyingine. Kati ya ncha hasi yenyewe na kibano kilichoivaa, mahali ambapo vyuma viwili vinagusana moja kwa moja bila waya wowote katikati, zilipotea volti 1.5. Kiungo hicho kikiwa kizima, upotevu wake hauzidi sehemu chache za mia za volti.

Fundi anaweza kuuliza kwa nini sikupima kiungo hicho kwa ohmu, kwani ndiyo njia ya kwanza inayomjia mtu akilini. Stata ya injini ya ukubwa huu huvuta takriban ampia 150 injini inapozunguka, na upotevu wa volti 1.5 kwa mkondo huo unamaanisha ukinzani wa ohmu 0.01 tu. Nyaya za mita ya kawaida peke yake zina ukinzani unaozidi huo mara nyingi, kwa hiyo mita ingeonyesha kiungo kizima, tena kwa kujiamini. Ohmu moja ya mia si kitu kwa taa ya ndani ya gari. Kwa stata ni mzigo mkubwa. Isitoshe, stata huvuta mkondo mkubwa zaidi ya huo katika sehemu ndogo ya sekunde ya mwanzo, kabla haijaanza kuzunguka, na mita ya kawaida hujibu polepole mno kuiona sehemu hiyo. Nilipoiweka mita katika hali ya kurekodi kiwango cha chini kabisa, upande wa gari ulionyesha volti 7.4. Kwa kiwango hicho kompyuta nyingi za gari huanza kujizima na kujiwasha upya, na saa ya dashibodi husahau ni saa ngapi.

Nilivua kifuniko cha plastiki kilichofunika kibano cha hasi na kukishika kwa vidole viwili. Kikazunguka. Nati yake ilikuwa imekazwa hadi mwisho na hakuna spana ambayo ingeweza kuisogeza zaidi, kwa sababu midomo miwili ya kibano ilikuwa imekutana. Na midomo ikikutana, nguvu yote ya nati huishia kwenye midomo hiyo badala ya kuibana risasi iliyo katikati. Kati ya kibano na risasi kulikuwa na kipande cha bati jembamba lililokunjwa mara mbili, upana wake kama ukucha wa kidole gumba, kilichochomekwa kujaza nafasi. Upande mmoja kilikuwa bado kinang'aa. Upande wa pili kilikuwa na madoa mawili meusi yaliyoungua, na hayo madoa mawili ndiyo yaliyokuwa njia ya umeme wote wa gari kurudi kwenye betri.

Sababu ya kuwepo kwa bati hilo ni saizi ya ncha. Betri zinazofuata vipimo vya Japani huja kwa ncha nene au nyembamba, na tofauti hiyo huandikwa kwa herufi moja mwishoni mwa jina la betri. Katika jina kama 46B24LS, tarakimu 46 ni kiwango cha uwezo, B ni upana na kimo cha sanduku, 24 ni urefu wake kwa sentimita, L ni mpangilio wa ncha, na S mwishoni inaashiria ncha nene. Betri ya 46B24L isiyo na S ina sanduku lile lile na inakaa vizuri kwenye trei ile ile, lakini ncha zake ni nyembamba kwa takriban milimita 5. Kadi ya dhamana ya betri ya zamani ilikuwa bado kwenye droo ya dashibodi, na jina lake lilikuwa na S. Betri mpya haikuwa nayo. Aliyeifunga alikuwa na kofia moja ya risasi inayotengenezwa kwa ajili ya kuinenepesha ncha nyembamba, akaivika kwenye chanya, na ndiyo maana upande huo haukuwa na shida. Kwa upande wa hasi alitumia kilichokuwepo. Siamini kwamba alikusudia ubaya. Gari liliwaka, na kwa watu wengi gari likiwaka betri imefungwa.

Kinachobaki kuelezwa ni kwa nini usukani ndio uliolalamika zaidi. Mota ya usukani hutulia gari linapokwenda kasi, lakini gari likiwa karibu limesimama na magurudumu yakikatwa hadi mwisho huvuta makumi ya ampia kwa mkupuo. Wakati huo huo injini inazunguka polepole, na altaneta yake haiwezi kutoa mkondo huo wote papo hapo. Kazi ya kujaza pengo ni ya betri. Betri ilikuwa nzima na ilikuwa na umeme wa kutosha, ila umeme huo ulipaswa kupita kwenye madoa mawili meusi. Volti ikashuka hadi 9.6, kompyuta ya usukani ikapunguza msaada ili kujilinda, dereva akahisi usukani mzito, na kompyuta nyingine zikaandika kila moja kwa lugha yake kwamba jirani yake hajibu. Barabara mbovu ilifanya jambo hilo hilo kwa kukitikisa kibano.

Naomba niseme jambo moja kuhusu hatari, kwa kuwa upungufu wa volti siyo ubaya pekee wa kibano kilicholegea. Kibano kikiachia kabisa injini ikiwa inafanya kazi na altaneta ikiwa inachaji kwa nguvu, mkondo uliokuwa unaingia kwenye betri hukosa pa kwenda, na volti ya gari inaweza kuruka ghafla hadi makumi ya volti kwa sehemu ya sekunde. Kompyuta zimejengewa kinga dhidi ya hali hiyo, lakini kinga siyo ruhusa. Kwa sababu hiyo hiyo nasihi kwa moyo wote kwamba mtu asifungue betri injini ikiwa inaunguruma ili kujaribu altaneta. Desturi hiyo ilibebwa kutoka enzi za magari yasiyokuwa na kompyuta, na magari ya sasa hayaistahimili.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi. Betri ilibadilishwa kwa nyingine yenye ncha nene, kwani niliona si sawa kuongeza kofia ya pili juu ya betri ambayo tangu mwanzo haikuwa ya gari hilo. Nilifungua hasi kwanza na kuifunga hasi mwisho, kama ipasavyo, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Kibano cha hasi nilikipanua taratibu, nikasugua ndani yake kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, nikakishusha hadi kwenye shina la ncha bila kukigonga kwa nyundo, maana kugonga huweza kupasua risasi pale inapoingia kwenye sanduku la betri. Baada ya kukaza, midomo ya kibano ilibaki na nafasi kati yake na kibano hakikuzunguka kwa nguvu ya mkono. Nilipopiga stata tena, upotevu wa upande wa hasi ulikuwa volti 0.04, na kiwango cha chini kabisa upande wa gari hakikushuka chini ya 10.

Hata hivyo, nilipofuta misimbo na kuwasha injini, taa ya udhibiti wa kuteleza na ya usukani zilibaki zikiwaka. Mwenye gari alikuwa amesimama karibu yangu na nilimwona jinsi uso wake ulivyobadilika. "Fundi, ni zile zile," alisema. Nilimweleza kwamba safari hii ni zile za siku ya kwanza na siyo zile za siku ya tatu. Betri ilikuwa imefunguliwa tena, sifuri ya usukani ilikuwa imepotea tena, na sasa, na sasa tu, neno kawaida lilikuwa na haki ya kutumika. Alizungusha usukani mwisho hadi mwisho, tukatoka naye, na kabla ya kufika kilomita 30 kwa saa dashibodi ilikuwa safi. Nilimwomba aegeshe mahali pembamba kuliko pote alipoweza kupata, akikata usukani hadi mwisho mara kadhaa huku feni, taa kubwa na kiyoyozi vikiwa vimewashwa. Nilikuwa naitazama volti kwenye mashine. Haikushuka chini ya 12.9.

Kuhusu kihisi kilichobadilishwa, alikuwa amekihifadhi kile cha zamani kwenye mfuko wa plastiki. Nilikirudisha mahali pake kwa muda, tukaendesha, na kasi ya gurudumu hilo ikalingana na ya magurudumu mengine matatu. Kilikuwa kizima siku zote. Kilibadilishwa kwa sababu taa ya ABS ilikuwa inawaka, na taa ya ABS ilikuwa inawaka kwa sababu kompyuta yake ilikuwa inakosa umeme; kwamba taa zilikaa siku mbili bila kuwaka baada ya kazi hiyo kulitokana na kufutwa kwa misimbo wala siyo na kihisi kipya. Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika kisa chote. Msimbo wa hitilafu ni ushahidi, na kuufuta bila kuuandika ni sawa na kufagia chumba kabla ya kukichunguza. Gereji ya kwanza iliposoma mashine yake siku ya tatu, bila shaka P0562 ilikuwemo, na volti yake ikiwa imeandikwa kando. Jibu lilikuwa kwenye kioo cha mashine kabla ya senti moja kutumika.

Kuna magari ambayo kisa hiki kingehitaji hatua nyingine. Yale yenye kihisi cha betri kwenye kibano cha hasi, hasa yanayozima injini yenyewe kwenye foleni, mara nyingi hutaka kompyuta iambiwe kwamba betri ni mpya na ni ya aina gani, na kuyawekea betri ya aina hafifu kuliko ile iliyokusudiwa huifupishia maisha. Gari hili halikuwa na kihisi hicho. Wala taa ya mfuko wa hewa haikuwaka hapa. Ingewaka na kubaki, nisingeishughulikia kwa kuzungusha usukani na kusubiri, kwa kuwa mfumo huo una vilipuzi na taa yake husomwa kwa mashine na kutatuliwa kabla gari halijarudi barabarani.

Mama huyo alirudi baada ya wiki tatu kwa ajili ya kubadilisha mafuta ya injini. Nilisoma kompyuta zote tena na hapakuwa na msimbo. Kibano hakikuzunguka, upotevu wake wakati wa kupiga stata ulikuwa bado volti 0.04, na saa ya dashibodi ilikuwa sawasawa na ya mkononi mwangu.